Mficha uchi hazai: neno kwa nyumba iliyopatwa na ajali



Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone la manii, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wasomaji wetu wapendwa, akina mama na akina baba, wiki hii nimeleta jambo ambalo majumbani mwetu huzungumzwa kwa kunong'ona, na aghalabu halizungumzwi kabisa. Ni habari ya mume aliyevunjika uti wa mgongo akiwa bado hajapata mtoto. Mama akiona si vyema kulisoma mbele ya watoto, na alihifadhi jarida hili mpaka walale. Lakini alisome. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na Ummu Sulaim (R.A.) alimwuliza Mtume juu ya janaba ya mwanamke, akajibiwa bila ya kukemewa. Haya ni sehemu ya imani, walakini haya inayomfungia mtu mlango wa elimu na wa tiba si ile tuliyoamrishwa.

Nitaeleza kisa kimoja, na majina sitayataja.

Zaidi ya miaka minne iliyopita, kijana mmoja mwenye asili ya pwani, fundi wa ujenzi hapa Nairobi, alianguka kutoka kwenye mbao za kupandia alipokuwa akipiga lipu gorofa ya tatu. Alikuwa na ndoa ya mwaka mmoja na nusu. Alilazwa hospitalini miezi minne, akatoka akiwa kwenye kiti cha magurudumu, hana hisia wala nguvu kuanzia juu ya kitovu kwenda chini. Nyumba yao ilikuwa gorofa ya nne, na mkaazi yeyote wa Umoja, Kayole au Huruma ajua kwamba magorofa yetu hayana lifti. Wakahamia chumba kimoja cha chini, mlango ukitazama uchochoro. Mkewe, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 31, akajifunza kumgeuza kila baada ya saa mbili usiku ili asipate vidonda vya kulalia, na alfajiri akawa anakaanga mahamri na viazi karai mlangoni ili nyumba ipate kula.

Baada ya mwaka mmoja alinijia madrasani, baada ya darsa ya akina mama ya Jumamosi. Akasubiri wenzake waondoke, akasema, "Sheikh, nataka kukuuliza jambo kuhusu mtoto." Sikumwacha amalize. Nilimwambia, "Subiri, mwanangu. Subira ina malipo yasiyo na hesabu." Nikamsimulia habari ya Nabii Zakariya (A.S.), namna alivyopewa mtoto uzeeni. Akaitikia, "Naam, Sheikh," akafunga mtandio wake, akaenda zake. Nami nikarudi nyumbani nikidhani nimefanya kazi yangu.

Ilipita miaka miwili. Siku moja baada ya sala ya Isha nikaitwa kwenda kusuluhisha. Nilipoingia katika chumba kile nikamkuta mama yake mume, aliyetoka Malindi kwa basi la usiku. Mdogo wake mume, kijana wa bodaboda, ameketi pembeni akitazama sakafu. Mume yuko kwenye kiti chake, na mke amesimama karibu na jiko. Mama mtu akaanza, tena kwa adabu.

"Sheikh, mimi ni mtu mzima, sitaki fitina. Mwanangu hawezi kuzaa tena. Huyu mkewe watu mtaani wanamwita mgumba, naye hana kosa. Mdogo wake huyu hapa. Damu ni moja, tumbo ni moja. Nimesikia hospitali siku hizi wanaweza kuchukua mbegu wakamtia mke, hapana zinaa, hapana kugusana. Mtoto atakuwa wetu. Nani atajua?"

Yule mke akageuka. "Nitajua mimi, mama. Na Mola wangu atajua."

Mume hakuinua uso. Akasema, "Sheikh, mimi naona nimpe talaka yake. Bado ni kijana. Asizeeke kwa ajili yangu."

Nilijua hukumu ya lile alilolisema mama, na nitaieleza. Lakini juu ya yule kijana mwenyewe, kama kweli hawezi kuzaa tena, nilikuwa sijui kitu. Nikawaomba wanipe wiki moja, mtu asitamke talaka wala asifanye lolote. Kesho yake nikaenda kwa daktari mmoja wa magonjwa ya njia ya mkojo na uzazi wa wanaume, ambaye husali nasi Ijumaa. Swali lake la kwanza lilinitoa jasho: "Sheikh, huyu kijana amepimwa?"

Sikuwa na jibu. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu ajali. Kijana hakuuliza kwa kuona haya, mkewe aliniuliza mimi nikamnyamazisha kwa jina la subira, na mama mtu alikuwa ameshahukumu. Hapana hata mmoja wetu aliyejua ikiwa mbegu zipo au hazipo.

Hapa ndipo nilipoielewa upya habari ya Nabii Zakariya niliyoisimulia bila ya kuizingatia. Qur'ani katika Surat Maryam yatueleza kwamba alimwomba Mola wake kwa siri, akataja udhaifu wa mifupa yake, mvi za kichwa chake na utasa wa mkewe. Aliwaficha watu, hakumficha Mwenye uwezo. Alilitaja tatizo lake kwa sehemu zake, moja baada ya moja. Hiyo ndiyo subira ya Mitume, kuomba na kueleza. Na Mtume wetu (S.A.W.), mabedui walipomwuliza kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Wazee wetu nao walisema mficha uchi hazai. Wengi twaitumia methali hii kwa mambo mengine, tukasahau kwamba maana yake ya kwanza iko pale pale penye maneno yake.

Sasa niyaeleze aliyonifundisha yule daktari, kwa lugha ya kawaida, maana ni elimu ambayo kila nyumba yenye mgonjwa wa aina hii yastahiki kuipata.

Ndani ya uti wa mgongo hupita ugwe wa mishipa ya fahamu utokao kwenye ubongo. Ugwe ukikatika au ukipondeka, amri za ubongo hazifiki chini ya pale palipoumia, na hisia za chini hazipandi juu. Kwa upande wa uzazi, mambo matatu huathirika, nasi huyachanganya yakawa kama jambo moja. La kwanza ni kusimama kwa uume. La pili ni kutoka kwa manii. La tatu ni hali ya mbegu zenyewe. Mtu aweza kukosa moja akawa na jingine. Wengi huweza kusimamisha, wenyewe au kwa msaada wa vidonge vya daktari, na bado manii yasitoke. Ndiyo maana mume aweza kumwingilia mkewe miaka mitano bila ya mimba, na lawama ikamwangukia mke asiye na kosa. Inakadiriwa kwamba katika wanaume 10 walioumia ugwe wa mgongo, kama mmoja tu ndiye awezaye kupata mtoto kwa njia ya kawaida bila ya msaada wowote. Waliobaki tisa si kwamba hawana mbegu. Korodani zao aghalabu zaendelea kuzitengeneza. Njia ya kutokea ndiyo iliyofungika.

Kuifungua njia hiyo kuna ngazi tatu, na busara ni kuanza na iliyo nyepesi.

Ngazi ya kwanza ni kifaa cha mtetemo. Ni chombo kidogo cha mkononi, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kinachowekwa kwenye kichwa cha uume dakika chache. Mtetemo wake huamsha amri iliyomo katika sehemu ya chini ya ugwe, ambayo haihitaji idhini ya ubongo. Kwa hivyo hufaa zaidi kwa aliyeumia juu, yaani pingili ya kifua ya 10 kwenda juu, kwa kuwa sehemu ya chini ya ugwe wake ingali nzima. Kwa watu wa namna hiyo, zaidi ya wanane kati ya 10 hufanikiwa kutoa manii kwa kifaa kinachostahili. Aliyeumia chini ya hapo hafanikiwi sana kwa njia hii. Kijana wetu aliumia pingili ya kifua ya 8.

Ngazi ya pili ni kifaa cha umeme mdogo, kinachopitishwa na daktari njia ya haja kubwa. Aghalabu hufaulu hata pale mtetemo uliposhindwa, na mwenye hisia hutiwa usingizi kwanza. Ngazi ya tatu ni upasuaji mdogo wa kuchukua mbegu ndani ya korodani yenyewe.

Na hapa pana hatari ambayo sitaki mtu aisome kwa haraka. Aliyeumia pingili ya kifua ya 6 au juu ya hapo, pamoja na shingo, aweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla wakati wa mtetemo, au hata kibofu kikijaa. Dalili zake ni kichwa kuuma kwa nguvu, uso kuwa mwekundu na kutoka jasho, na mapigo ya moyo kwenda polepole. Shinikizo hilo laweza kupasua mshipa wa ubongo. Basi mara ya kwanza ni lazima iwe hospitalini, shinikizo likipimwa, na daktari akiwa na dawa ya kulishusha. Mtu asinunue chombo chochote cha kutetemesha dukani akajaribu peke yake. Wala asimeze vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa vichochoroni: havitoi manii, na kwa mwenye kutumia baadhi ya dawa za moyo vyaweza kuua.

Manii yakishapatikana hutazamwa kwa hadubini. Kwa wagonjwa hawa mbegu huwa nyingi kama za mtu mzima wa afya, lakini nyingi hazina mwendo. Zamani watu walidhani ni joto la kukaa kitini mchana kutwa. Sasa yaonekana kwamba dosari kubwa iko katika majimaji yanayozichukua, kwani mbegu zilizochukuliwa mrijani kabla ya kuchanganyika nayo huwa na mwendo ulio bora. Maambukizi ya mkojo yanayotokana na mipira ya kibofu nayo huziharibu, kwa hivyo kutibu mkojo ni sehemu ya kutibu uzazi.

Mbegu zenye mwendo wa kutosha zaweza kuingizwa kwa mke siku zake za rutuba, hata nyumbani kwa chombo safi na bomba lisilo na sindano, baada ya daktari kuwafundisha. Zikiwa dhaifu huingizwa hospitalini ndani ya mji wa mimba. Zikiwa chache sana, mbegu moja hudungwa ndani ya yai moja nje ya mwili, kisha kiini hurudishwa tumboni mwa mama. Njia ya kutungisha nje ya mwili ilimleta duniani mtoto wake wa kwanza huko Uingereza mwezi wa Julai 1978. Hiyo ya kudunga mbegu moja iliarifiwa na madaktari wa Brussels mwaka 1992. Na hapa Nairobi watoto wa kwanza kutungishwa nchini kwa njia ya nje ya mwili walizaliwa mwaka 2006. Si jambo la kusafiri ng'ambo tena.

Tukumbuke pia tulikotoka. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, aliyekatika ugwe wa mgongo hakutarajiwa kuishi. Wengi walikufa katika muda mfupi kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Mwaka 1944 daktari mkimbizi kutoka Ujerumani, Ludwig Guttmann, alifungua wodi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Akaamuru wagonjwa wageuzwe kila saa mbili na wafundishwe kazi na michezo. Yule mke wa mahamri alikuwa akifanya jambo lile lile katika chumba kimoja cha Eastlands. Mtu akishaishi, hutaka kuishi kama watu, na katika kuishi kama watu ni kutaka mtoto.

Tuje kwenye sharia. Je, haya yajuzu?

Mwezi wa Machi 1980, Sheikh Jadul-Haqq Ali Jadul-Haqq, Mufti wa Misri wakati ule na baadaye Sheikh wa Al-Azhar, alitoa fatwa kwamba yajuzu mke kupandikizwa mimba kwa mbegu za mumewe, na kwamba mbegu za mwanamume mwingine ni haramu. Mwezi wa Oktoba 1986, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Amman, Jordan, ikazitazama njia saba. Ilizikataza tano na kuziruhusu mbili kwa mwenye haja: mbegu za mume kuingizwa ndani ya mkewe, na mbegu za mume kukutanishwa na yai la mkewe nje ya mwili kisha kurudishwa kwa mke huyo huyo. Kila penye mtu wa tatu pamefungwa, awe mwenye mbegu, mwenye yai, au mwenye tumbo la kuazima, hata kama tumbo hilo ni la mke mwenza.

Basi jibu kwa yule mama wa Malindi ni kwamba damu ya ndugu si damu ya mume. Nasaba haikopwi. Mtoto angekuja duniani baba yake mzazi akiitwa ami yake, na urithi wake ungejengwa juu ya uongo. Kutogusana hakulihalalishi jambo hilo.

Yako mambo mengine ya kuzingatia. Mbegu na yai vikutane ndoa ikiwa hai. Mume akifa au talaka ikikamilika, kilichohifadhiwa hakitumiki. Wanandoa waulize hospitali vipi vichupa vyao vinaandikwa majina na nani anavitunza, kwani kuchanganya ni kuharibu nasaba za watu, na kuuliza si kumdhania daktari vibaya. Yatungishwe mayai yanayohitajika tu ili visibaki viini vya ziada. Hilo nalo Majmaa ililisema mwaka 1990. Kufunua utupu mbele ya tabibu kwaruhusiwa kwa kiasi cha haja, na mke akipata tabibu mwanamke ndiyo bora. Kumtoa mume manii kwa mkono wa mkewe, au kwa kifaa kilichoshikwa na mkewe, hakuna ubaya. Na mume ajue kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi manii yakitoka huwajibisha josho hata kama hakuhisi ladha yoyote, basi aoshwe, na asiyeweza maji atayamamu.

Niliporudi kwa suluhu baada ya wiki niliwaeleza haya yote. Kwanza nilimwomba yule mke msamaha mbele ya mkwewe, kwa miaka miwili niliyompotezea. Mbegu za mume aliyeumia hushuka mapema baada ya ajali kisha aghalabu hubaki hapo hapo, hazizidi kuharibika kila mwaka. Mayai ya mke ndiyo yasiyongoja. Alinijia akiwa na miaka 32, na sasa alikuwa na 34. Subira niliyomhubiria ilitoka katika mfuko wake, si katika wangu.

Mama mtu akaniuliza, "Kwa hivyo mwanangu si kwamba hawezi?" Nikamjibu, "Mama, hatujui. Na kutojua kunatibika."

Kuhusu talaka, nilimwambia mume kwamba kumwacha mke kwa kumhurumia bila ya kumwuliza ni kumfanyia uamuzi usio wako peke yako. Na kwa mke nilisema waziwazi: una haki zako, na ukiona huwezi kuendelea, Mahakama ya Kadhi iko na hutalaumiwa na mimi. Subira ya kulazimishwa si subira. Akasema, "Sijaomba kuondoka, Sheikh. Niliomba kujibiwa."

Walikwenda hospitali. Shinikizo la damu likapimwa, mke akashika kifaa mwenyewe, pazia limefungwa. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Walirudi baada ya wiki moja. Mchana ule simu yangu ikalia. Kijana alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani imekatika, kisha akasema, "Sheikh, zipo."

Zilikuwa nyingi, zenye mwendo chache. Walijaribu nyumbani miezi sita, hapakuwa na mimba. Daktari akawashauri wasikawie kwa ajili ya umri wa mke, waende kwenye njia ya kudunga mbegu ndani ya yai. Gharama yake ni laki kadhaa za shilingi, na kwa muuza mahamri hilo ni kama kuambiwa anunue meli. Mama mtu aliuza bangili zake mbili. Yule mdogo wake wa bodaboda, aliyekuwa akitazama sakafu siku ile, alitoa kila jioni sehemu ya pato lake kwa miezi minane. Huo ndio mchango wa ndugu uliokuwa halali kwake kuutoa, na nilimwona akiutoa kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Viini viwili vilirudishwa. Havikushika. Nilikwenda kuwatazama jioni ile nikamkuta mke akikanda unga wa kesho. Akaniambia, "Safari hii, Sheikh, ukiniambia nisubiri nitakusikia, kwa sababu tumefanya." Wanajiandaa kujaribu mara ya pili, insha'Allah.

Ndugu zangu, siahidi mtu mtoto. Surat Ash-Shura yatufunza kwamba Mwenyezi Mungu humpa amtakaye wa kike, humpa amtakaye wa kiume, na humjaalia amtakaye kuwa tasa. Lakini hatujaamrishwa kumtaja mtu kuwa ni tasa kabla ya kumpima. Hilo ndilo ninalotaka libaki majumbani mwetu wiki hii.

Kwa hivyo, nyumba ikipatwa na msiba kama huu, mume na mke wamwulize daktari swali la mtoto mapema, pale pale wanapouliza juu ya kutembea. Waulize ameumia pingili ya ngapi, ana hatari ya shinikizo la damu au hana, na wapi watapimwa manii. Hapa Nairobi tuna Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, Barabara ya Lenana, ambako wataalamu wa majeraha haya wako. Ni pa kuanzia kuuliza njia. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imeitaja afya ya uzazi kuwa ni haki ya kila mtu, na anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ni mtu.

Akina mama wenye wana, msimwite mkaza mwana mgumba, wala msitafute mbegu kwa jirani. Mashekhe wenzangu, tukiulizwa juu ya mtoto, tuulize kwanza, "Mmepimwa?" kabla ya kufungua kitabu cha talaka au cha subira. Na wenye nacho, twachangia arusi kwa mahema na mapishi. Mgonjwa aliye fukara aweza kusaidiwa kwa siri, hata katika zaka akiwa ni mwenye kustahiki, apate japo gharama ya kupimwa.

Na ikiwa milango yote imegongwa na Mola hakujaalia, uko mlango wa kafala: kumlea yatima kwa upendo akibaki na nasaba yake. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kafala kwa jina lake. Mtoto huyo aitwe kwa jina la baba yake, kama tulivyofunzwa katika Surat Al-Ahzab, na malipo ya mlezi wake yako kwa Mwenyezi Mungu.

Naomba kila asomaye amwombee dua yule muuza mahamri na mumewe, bila ya kuwajua, kama Nabii Zakariya alivyoomba bila ya kusikiwa na watu.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.